Mkono Mwepesi wa Phanuel

Syokau, muuza sukumawiki wa Silanga, alikuwa na kisukari cha miaka tisa na sugu iliyopasuka chini ya kidole gumba cha mguu wa kushoto. Kliniki ilimwandikia barua aende kwa mtaalamu wa miguu katika hospitali kubwa, angoje wiki tatu. Mboga hazingoji wiki tatu. Akaikunja barua, akamchukua bintiye Everlyne, wakaenda mtaa wa Kawangware 46 kwa Phanuel, mchonga miguu aliyesifiwa na wengi.

Phanuel alivaa koti jeupe. Ukutani palitundikwa cheti chenye muhuri mwekundu. Everlyne akakisogelea, akakisoma.

"Hii cheti ni ya saluni. Leseni ya udaktari iko wapi?"

"Siste, mguu ni mguu." Phanuel alicheka. "Mathe, huyu ni msichana wako ama ni karao amekuja kunishika?"

Syokau aliingiwa na haya. "Everlyne, nyamaza! Usiniaibishe mbele ya daktari."

Phanuel hakuuliza habari za sukari, wala kiatu cha pili hakikuvuliwa. Aliushika wembe, akaichonga sugu hata damu ikachuruzika, na Syokau hakukunja uso. Alirudi Silanga akimsifu kama aliyeonjeshwa pepo.

"Ana mkono mwepesi, jameni! Sijasikia kitu."

Mumbua, jirani yake aliyejidunga insulini kila asubuhi, akaomba nambari ya simu. Syokau akampa.

Siku ya kumi na mbili mguu ulinuka. Hospitalini, mtaalamu wa miguu, Daktari Kageha, alimvua viatu vyote viwili, akapapasa mapigo ya damu kifundoni, kisha akatoa uzi mgumu wa nailoni.

"Funga macho, mama. Nikikugusa, sema."

Syokau alifumba macho akangoja. Alingoja sana.

"Unaanza saa ngapi, daktari?"

"Nimemaliza, mama. Nimekugusa mara kumi."

Ndipo alipofahamu, na ufahamu ukamchoma pale wembe uliposhindwa: mkono wa Phanuel haukuwa mwepesi kamwe, mguu ndio uliokuwa maiti.

Alhamisi wakakikata kidole. Jumamosi Mumbua akaja wadini na machungwa, uso umekunjuka.

"Mama Everlyne, yule mtu wako ni moto! Juzi amenichonga miguu yote. Haki, sikusikia hata kidogo."

"Vua viatu, Mumbua."

Mumbua alicheka, akidhani ni mzaha, akavua. Soksi ya kulia ilikuwa imelowa damu, naye hakuwa na habari.