Onyo la Kiwango cha Nane kwa Barabara ya Pinetown

"Kwa mamlaka isiyotolewa na mtu yeyote, Ofisi Kuu ya Mawingu, Radi na Viatu Vilivyolowa, Tawi la Greyville, inawatangazia wapendwa wote katika Bwana kwamba leo alasiri mbingu zitafunguka!"

Ofisi Kuu ilikuwa bafu la nyumbani kwao Greyville, mtaa wa Durban. Mkurugenzi wake, Jeancy, kijana wa miaka kumi na sita, alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyofunikwa, amevaa kaptura, na mama yake, Mireille, alikuwa akigonga mlango kwa kandambili.

"Jeancy! Mkurugenzi ya nini? Toka huko, wateja wananingoja saluni!"

"Ofisi inaomba radhi kwa usumbufu," alisema Jeancy, akatuma sauti ile kwenye kundi la WhatsApp la kanisa.

Hata hivyo, utani huo ulikuwa na kazi yake. Maonyo ya hali ya hewa ya Durban hutoka kwa Kiingereza na Kizulu, na akina mama wa kanisa, wageni wasiojua vizuri lugha hizo, walikuwa wakiulizana wao kwa wao hadi mvua inawakuta sokoni. Basi Jeancy, kila aliporudi likizo kutoka shule ya bweni, alikokwenda kusoma akarudi na sauti ya mwalimu mkuu, aliyasoma maonyo hayo na kuyatangaza kwa Kiswahili. Alitania kila kitu isipokuwa mvua yenyewe. Tangu mafuriko ya mwaka 2022, hakuna aliyecheka mvua. Bibi Nahimana wa Pinetown, nje kidogo ya mji, ambaye chumba chake kando ya kijito kilibebwa na maji yeye akiwa ameng'ang'ania mlango, hakuanika hata kitambaa kabla ya kumsikia "ule mtoto wa Mireille".

Bibi huyo alikuwa na mjukuu, Anaïs. Na hapo ndipo ofisi ilipoanza kuoza.

Familia ya Anaïs, wakimbizi, ilikuwa imekubaliwa kuhamia Kanada. Ndege ilikuwa Jumapili alfajiri. Jina la bibi halikuwamo katika faili, kwa hiyo yeye angebaki. Jumamosi watu wangekusanyika nyumbani kwao Overport kuwaaga, na bibi angefanya lililo lake: angejaza maji kinywani, angempulizia mjukuu utosini na kumtajia waliomtangulia, mmoja mmoja. Kwao Burundi, alisema bibi, msichana haanzi safari akiwa na kichwa kikavu.

Alhamisi Anaïs alimfuata Jeancy Greyville, akamkuta kwenye ngazi za jengo lao.

"Mkurugenzi, Jumamosi itakuwaje?"

"Itategemea tabia yako."

"Acha ujinga. Unajua bibi anaogopa mvua."

"Na asipokuja?"

"Asipokuja mimi sitoki hapa. Labda wanibebe kama gunia."

Jeancy alikuwa na neno la kumwambia tangu Krismasi.

"Gunia la viazi au la mihogo?" akauliza badala yake.

Anaïs alimpiga konzi, akacheka, akashuka ngazi.

Ijumaa jioni utabiri ulikuwa wazi. Joto la Durban lilikuwa limeanza kulegea, na dhoruba ya kwanza ya majira yale ilikuwa ikitoka kusini magharibi. Mvua kubwa ingeishia pwani ya kusini. Durban na Pinetown zingepata manyunyu, kisha Jumamosi usiku dhoruba ingehamia baharini. Onyo kwa mji: kiwango cha pili kati ya kumi, ambacho ni kama kuambiwa usisahau mwavuli.

Jeancy aliingia bafuni, akafungua bomba la mvua ili lisikike vizuri, akatangaza kiwango cha nane. Barabara ya Pinetown ingekatika. Walioko Pinetown wabaki Pinetown. Alikuwa hodari wa hesabu shuleni, na hesabu hii aliiona nyepesi: bila bibi hakuna baraka, bila baraka hakuna safari.

Jumamosi manyunyu yalilowesha vumbi tu. Overport kulikuwa na wali, samaki, maharage na watu hadi kwenye korido. Bibi peke yake ndiye aliyekosekana. Papa Vénérand, baba yake Anaïs, alimpigia.

"Mama, huku hakuna mvua."

"Huko hakuna. Njiani iko. Ule mtoto hajawahi kudanganya juu ya mvua. Maji yalishanitafuta mara moja, Vénérand, sitayapelekea kichwa tena."

Pascal, aliyekuja na gari, aliombwa amfuate. "Kiwango cha nane, papa? Eish. Gari si langu."

Ikabidi wapige kwa video. Simu akapewa Jeancy aishike, kwa kuwa alikuwa mrefu. Kwenye kioo bibi alijaza maji kinywani, akamtazama mjukuu wake kwa muda, kisha akayarudisha kikombeni.

"Mate hayapiti kwenye simu," akasema.

Anaïs aliweka paji la uso juu ya kioo. Jeancy alisikia pumzi yake kwenye vidole vyake.

"Basi siendi," Anaïs akasema, na moyo wa Jeancy, aibu tupu, ukaruka.

"Ukibaki, faili yetu wote inarudi chini ya foleni," baba yake akajibu polepole. "Wadogo zako pia. Unataka hivyo?"

Anaïs hakutaka hivyo. Alfajiri aliondoka akitembea kwa miguu yake mwenyewe. Hakuna aliyembeba.

Jumapili mchana, dhoruba ikiwa mbali baharini, bibi Nahimana alipanda ngazi za Greyville. Jeancy alikuwa peke yake nyumbani. Bibi akakaa kabla ya kukaribishwa.

"Nimekuja na taxi. Nimeuliza dereva jana maji yalifika wapi. Ananiita gogo, bibi kwa Kizulu chao, ananiuliza, maji gani?"

"Shikamoo, bibi. Unajua, utabiri ni makadirio. Mgandamizo mdogo wa hewa ulibadili mwelekeo ghafla. Hata wakubwa wa hali ya hewa hukosea."

"Binti wa mwenye nyumba amenisomea yale ya wakubwa. Ya Ijumaa." Bibi alikunja mikono mapajani. "Wao hawakukosea."

Jeancy aliketi sakafuni mbele yake.

"Mimi nilikukosea nini, mwanangu?"

"Hukunikosea, bibi. Nilijua hakuna mvua. Alisema bila baraka yako hatoki, nikaamini. Nilidhani nikikuzuia wewe nitakuwa nimemzuia yeye. Nilimpenda, sikuwahi kumwambia. Na jana mimi ndiye niliyeshika simu. Nilikuona unarudisha maji kikombeni, bado barabara ilikuwa wazi, bado ungefika. Nikanyamaza."