Kahawa Isiyoonekana

Duka moja kubwa la mjini Arusha lilikuwa limetoa agizo: kila pakiti inayoletwa iwe na lebo yenye chipu, ile inayosomwa na mashine bila boksi kufunguliwa. Sabina, mchapaji wa lebo mtaani Kimandolu, alikuwa amejifunza kazi hiyo mapema, akijua wateja watamfuata. Lakini Mama Tabitha, mkaanga kahawa wa huko juu Meru na mteja wake wa miaka tisa, alipeleka kazi yake kwa Nancy, binti ambaye Sabina mwenyewe ndiye aliyemfundisha kushika mashine.

Wivu ulimchoma Sabina. Jumanne akapita kwa Nancy, ati kusalimia. Akamkuta anabandika lebo katikati ya pakiti zenye karatasi ya bati. Kosa aliliona papo hapo: bati huziba mawimbi ya chipu, mashine haitasoma kitu.

"Dada, nimepatia?" Nancy aliuliza.

"Umepatia," Sabina akajibu, akaondoka amefurahi moyoni.

Ijumaa duka lilirudisha mzigo wote, pakiti mia sita. Sabina alimkuta Mama Tabitha nje ya ofisi ya Nancy, ameketi juu ya boksi, kanga mabegani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Wanasema mashine haioni kahawa yangu. Mimi mbona naiona?"

Sabina alikuwa ameisubiri siku hiyo aifurahie. Furaha haikuja. Aliingia ndani, akavua koti, akaanza kubandua lebo.

"Zibandike huku juu kwenye mkunjo," alimwambia Nancy, "nusu ining'inie kama kibendera, isiguse bati."

Nancy alimtazama. "Ulijua?"

"Tangu Jumanne."

Nancy alivuta boksi jingine. Walibandika mpaka saa kumi jioni, kila mmoja na boksi lake. Walipopitisha mashine ya kusomea lebo, pakiti zote zikasomeka.

Mama Tabitha alimkumbatia Nancy, akamwombea baraka kwa Kimeru, kisha akamshukuru Sabina kwa kusaidia kubandika. Kusaidia tu. Sabina alihisi wivu ukimchoma upya, palepale pa zamani. Akasugua gundi vidoleni.

Alipokuwa akivaa koti, Nancy alisema bila kuinua macho, "Jumatatu naletewa mzigo wa asali kutoka Nduruma. Uje. Ila nikikosea, safari hii sema."

"Nitasema," Sabina akajibu, na jibu hilo lilimgharimu.