Uzito wa Placida

Jumanne moja ya mwaka 1999, katika zahanati moja ya Ihembe, Mukashema alimvisha mwanawe Placida ile suruali ya turubai ya kupimia watoto, akamtundika kwenye mzani. Nesi Eugenia akasoma: miezi minane, kilo tano na nusu. Karani Desderius akaandika kwenye kompyuta. Kompyuta ilikuwa moja tu, ya umeme wa jua, na zahanati iliitumia pamoja na chama cha kahawa, ambacho mzani wake ulikuwa nje ya dirisha. Mara huko nje wakasoma gunia la kahawa la mzee Polikarpi, kilo hamsini na nane. Desderius akaandika na hiyo.

Kamba ya mzani wa watoto ikakatika. Placida akatua sakafuni salama, akinyonya kidole. Mukashema akamwinua, asiinuke. Wakamjaribu wawili, kisha watatu.

"Kachukua uzito wa gunia langu," Polikarpi alisema dirishani. "Wiki iliyopita gunia langu ndilo lililochukua wa mtoto. Nikalining'iniza kidoleni kama kofia, na chama kikaandika kilo sita."

"Pole, mzee."

"Nimeshapoa."

Wanaume wanne walimpeleka Placida nyumbani kwa machela, wakipumzika kila mgomba wa kumi. Majirani wakaja kumpongeza mama kwa mtoto mzito. Mukashema aliwashukuru, hakujua kama inafaa kushukuru. Mikono ya mtoto ilikuwa myembamba vilevile, na njaa yake ilikuwa ileile ya jana.

Ijumaa ilikuwa siku ya orodha ya unga wa lishe. Mashine iliwachagua yenyewe watoto walio chini ya mstari mwekundu wa kadi ya uzito, na Placida hakuwemo.

"Sista, si umeiona mikono yake?"

"Nimeiona, mama Placida. Lakini hapa ana kilo hamsini na nane. Nitamwandikaje utapiamlo? Orodha haina sehemu ya mikono."

Orodha ikapanda gari la wilayani. Nyingine ingekuja baada ya miezi mitatu.

Jumatatu Mukashema alimwacha mtoto mkekani na baba yake, Mbonimpa, akarudi kwa karani. Kusoma alikuwa amejifunza darasa la jioni, kanisani, mimba ikiwa kubwa. Alisimama nyuma ya Desderius, akapitisha kidole kwenye kioo, mstari kwa mstari.

"Karani, hapa pameandikwa uzito. Na huku chini, kwenye kahawa, uzito. Wa nani?"

"Programu nimeitunga mwenyewe, mama. Faili ni mbili, mashine inazifungua pamoja. Majina yakifanana, linalokuja nyuma linakalia la mbele."

"Kwa nini? Kwetu kila kibanja, kila nyumba na migomba yake, kina chungu. Changu hakiitwi chungu tu, ni chungu cha kwa Mbonimpa. Hakuna anayekuja kukipikia."

Desderius akavuta kibodi karibu. Kisha akaipa kila faili kibanja chake: moja akaiita mtoto, nyingine kahawa, na kila jina la ndani akalitanguliza jina la kibanja na nukta. *mtoto.uzito. kahawa.uzito.* Ilimchukua mpaka saa nane mchana.

Saa nane hiyohiyo, Mbonimpa alimwona Placida akijigeuza mkekani. Akambeba kwa mkono mmoja, akamleta zahanati. Nesi Eugenia alikuwa ameshafunga kamba mpya.

"Kilo tano na robo," alisoma.

Desderius akaandika. Nje wakapima gunia la mtu mwingine, akaandika na hilo. Wote wakamtazama mtoto. Hakubadilika.

"Sasa ni sahihi," Desderius alisema, akatabasamu. Nesi akatia nukta kwenye kadi, chini kabisa ya mstari mwekundu, mahali pake.

"Na unga, Sista?"

"Orodha imekwenda, mama."

Mukashema alimshukuru karani, akamfunga mtoto mgongoni, akashika njia ya migombani. Mtoto alikuwa mwepesi kiasi kwamba mara tatu kabla ya kufika nyumbani alisimama, akapeleka mkono nyuma, akahakikisha yupo.