Bei ya Narok

Ukame ulipowamaliza ng'ombe wa Mzee Tajeu kule Handeni, bintiye Naisiae alibaki na picha zao kwenye simu. Alipokuwa Korogwe akajifunza kuzigeuza kuwa tokeni za kidijitali, hati za umiliki wa picha zinazouzwa kwenye blokcheni, daftari la pamoja la mtandaoni. Mtandao ukadai bei, naye akampigia baba.

"Shikamoo baba. Narok, yule ng'ombe mweusi, tumuuze shilingi ngapi?"

"Narok wangu? Milioni mbili, sipunguzi hata senti. Ana mimba yule."

Milioni mbili kwa picha ya ng'ombe aliyekwisha kufa! Lakini Naisiae hakuwa na moyo wa kumsahihisha. Akaandika hivyo hivyo.

Siku ya tatu mtu wa mbali akanunua. Naisiae akapanda basi kupeleka habari nyumbani.

Mzee Tajeu hakuulizia pesa. Aliitazama kamba iliyoning'inia kwenye zizi tupu.

"Huko anakokwenda," akauliza, "maji yapo?"