Karatasi Iliyokuwa Ndani ya Boksi

Kikohozi kilimshika Migdalia pale pale asipokitaka. Mjane wa kwenye riwaya ameshatia mkono ndani ya sanduku la marehemu mumewe, wasokotaji sigara tisini na mmoja wameinamia majani ya tumbaku kimya, na imebaki sentensi moja tu. Alifunika kipaza sauti kwa kiganja. Kikapenya katikati ya vidole. Kilikuwa kikohozi kikavu, kisicholeta makohozi wala nafuu, na kwenye spika nne za ukumbi kilisikika kama mtu anayeburuta kiti juu ya sakafu ya saruji.

Alipoinua uso, chaveta moja ilianguka chini.

Msokotaji akipenda anachosomewa, hugonga meza kwa chaveta yake, kile kisu bapa cha kukatia majani. Asipopenda, hukiachia kidondoke. Kwa miaka kumi na tisa Migdalia alikuwa amegongewa meza mpaka akazoea. Kudondoshewa kisu ilikuwa mara ya nne wiki ile, na ilikuwa Jumanne tu. Mara zote nne kisu kilitoka meza moja, ya mzee Eleuterio, mstari wa tatu karibu na nguzo.

"Kimeniteleza," alisema Eleuterio bila kuangalia juu.

"Mikono imeanza kukusaliti, mzee?" akauliza Nereida, aliyekaa nyuma yake.

"Mikono haina kasoro. Masikio ndiyo yamechoka." Akakohoa kidogo, akainama kuokota kisu. "Tangu jana asubuhi huyo mjane ana mkono ndani ya sanduku. Mimi ningekuwa mumewe ningetoka kaburini nikamwonyeshe kilichomo."

Ukumbi ukacheka. Migdalia akafunga kitabu.

Wakati wa mapumziko Eleuterio alipanda ngazi tatu za jukwaa, kofia mkononi, kama mtu aliyekuja kutoa pole.

"Dada Migdalia, sitaki uyasikie kwa watu. Nimeomba kura. Ijumaa mchana."

"Kura ya nini?"

"Ya msomaji. Yule mtangazaji wa redio ya mjini amekubali kuja."

Migdalia alijua kura ile ni haki yao. Katika kiwanda cha sigara cha La Flor de Junio msomaji, anayewasomea wasokotaji wakiwa kazini, hachaguliwi na meneja. Wasokotaji wenyewe humpigia kura, na wenyewe humtoa. Yeye mwenyewe aliingia hivyo, akiwashinda wanaume watatu, mmoja wao mwalimu wa shule.

"Sina ugomvi na wewe," Eleuterio aliongeza.

"Unao, mzee. Sema tu unao."

"Nina ugomvi na kikohozi chako."

"Na chako je? Siku nzima nakusikia."

"Changu hakipiti kwenye spika," akasema, akavaa kofia, akashuka.

Migdalia alitembea nyumbani kwa hasira zilizomfanya apite nyumba yake na kurudi. Miezi minane ya kukohoa. Mwezi Machi alianguka kwenye foleni ya mkate, wakampima presha, namba zikamtisha hata aliyezisoma. Daktari Yanelis wa kliniki ya mtaa akamwandikia enalapril, kidonge kimoja asubuhi na kimoja jioni, cha maisha. Hakubisha. Mama yake alipigwa na kiharusi akiwa na miaka hamsini na minne, akakaa miaka sita kwenye kiti cha kubembea akiwa na neno moja tu lililosalia mdomoni, "kesho", akilitumia kuomba maji, kuomba chakula na kuomba kufa. Migdalia alikuwa na hamsini na mbili. Alivimeza vidonge kwa saa kama mtu anayesali.

Kikohozi kilianza Machi hiyo hiyo. Kila mtu alikuwa na jibu, na jibu lilikuwa moja: tumbaku. Vumbi la majani. Miaka kumi na tisa ndani ya ukumbi ule, ulitegemea nini? Fundi alisogeza jukwaa karibu na dirisha. Nereida alimletea asali yenye maji ya kitunguu, halafu ndimu, halafu majani ya oregano yaliyochemshwa mpaka nyumba nzima ikanuka kama mchuzi wa maharage. Daktari Yanelis alimpiga picha ya mapafu, na picha ikatoka safi. Akamvalisha barakoa. Msomaji mwenye barakoa. Mwisho akamshauri, kwa upole, atafute kazi nyingine.

Alipofika nyumbani, jirani alikuwa amemwachia kifurushi mlangoni. Kilitoka kwa binamu yake Osmel, aliyeko Zaragoza. Mwezi Agosti, vidonge vilipoadimika, Migdalia alimwandikia amtumie, na ndiyo kwanza vilikuwa vimefika pamoja na mtu aliyekuwa akirudi. Dawa ilikuwa ile ile. Ila duka la dawa la mtaani lilimpa vidonge vitupu, vimefungwa kwenye kipande cha karatasi ya kaki, na hivi vilikuwa ndani ya boksi. Ndani ya boksi kulikuwa na karatasi iliyokunjwa mara nane.

Migdalia alikuwa mtu wa kusoma. Akisubiri kahawa ichemke alisoma maandishi ya kwenye pakiti ya kahawa. Akaikunjua karatasi juu ya meza, akavaa miwani.

Kwenye upande wa pili, chini ya maneno "Madhara yanayoweza kutokea", alikuta: "Hutokea mara nyingi sana: kuona ukungu, kizunguzungu, kichefuchefu, kikohozi."

Akaisoma tena. Halafu akakumbuka Agosti. Wiki nne hakukuwa na vidonge mji mzima. Kichwa kilimgonga kama ngoma, akasoma ameshikilia ukingo wa meza asianguke, lakini sauti ilikuwa imerudi. Wiki ile ya mwisho walimgongea meza mpaka vikombe vikatetemeka. Vidonge vikapatikana, kikohozi kikarudi. Na vumbi lilikuwa lile lile wakati wote, halikwenda likizo.

Kahawa ikachemka ikamwagika juu ya jiko. Aliiacha.

Siku iliyofuata, kabla ya kazi, alimkuta daktari akifungua mlango wa kliniki, nywele bado mbichi. Yanelis aliishi ghorofa ya juu ya kliniki hiyo hiyo na alikuwa na umri wa kuwa binti yake. Migdalia aliweka karatasi juu ya meza.

"Soma."

Daktari akaitupia jicho. "Naijua hii, dada."

"Nimesema soma. Kwa sauti. Mimi nasoma kwa sauti kila siku, siyo kazi ngumu."

Yanelis akasoma. Alipofika kwenye kikohozi sauti ikapungua.

"Mara nyingi sana," Migdalia akarudia. "Siyo mara moja moja. Ulikuwa unajua?"

"Tulifundishwa chuoni."

"Ulijua. Ukanipiga picha, ukanifunga mdomo kwa kitambaa, ukaniambia niache kazi. Miezi minane nimelala nimekaa, kwa sababu nikilala chali nakohoa mpaka natapika. Kesho kutwa wananitoa kwenye jukwaa. Na jibu lilikuwa kichwani mwako."

Daktari alikaa. Hakutafuta faili, hakushika kalamu.

"Unatoka kwenye kiwanda cha tumbaku," alisema. "Mtu wa kule akikohoa, mimi naandika tumbaku kabla hajakaa. Walionitangulia hapa waliandika tumbaku. Sikufikiria. Nimekukosea, dada Migdalia."

Migdalia alikuwa amejiandaa kwa mabishano njia nzima. Hakujiandaa kwa hilo. Hasira yake ikakosa pa kukaa, ikabaki imesimama katikati ya chumba.

"Nibadilishie," alisema.

"Nitakupa amlodipine, ndiyo iliyopo. Hii haileti kikohozi. Lakini nakwambia mapema, inaweza kukuvimbisha miguu, na ikikuvimbisha uje. Kikohozi nacho hakiishi kesho. Kinaweza kuchukua wiki kadhaa."

"Kura ni Ijumaa."

"Siwezi kukiharakisha. Na tafadhali usije ukaacha dawa bila kuniambia."

"Wewe ndiye uliyeacha kuniambia."

Akainuka. Mlangoni akageuka. "Kiwandani umewaandikia watu wangapi vidonge vile vya kwanza?"

"Siwezi kukutajia."

"Sijaomba majina."

Yanelis aliangalia kabati la kadi, droo moja baada ya nyingine. Uso ulimbadilika taratibu, kama mtu anayehesabu kitu asichokipenda.

"Wengi," akasema.

Ijumaa asubuhi Migdalia alisoma gazeti kama kawaida, akikohoa kila baada ya aya. Saa tano ukafika wakati wa riwaya. Mtangazaji wa redio alikuwa amekuja mapema, amekaa karibu na mlango akiwa na shati lililopigwa pasi, akinywa maji taratibu.

Migdalia alifungua kitabu, akakifunga. Akatoa karatasi mfukoni.

"Mjane atasubiri," alisema kwenye kipaza sauti. "Leo nasoma hii."

Aliisoma kama anavyosoma riwaya, akipumzika penye nukta, akizipa namba uzito wake. Jina la dawa. Kazi yake. Nani asiitumie. Watu wakaanza kutazamana, mmoja akaguna kwamba kikohozi sasa kimempanda kichwani. Yeye akaendelea. Alipofika kwenye madhara alisoma polepole zaidi, na alipotamka neno "kikohozi" kikohozi chenyewe kikamkaba, kirefu, mpaka machozi yakamtoka. Safari hii hakufunika kipaza sauti. Aliwaachia wakisikilize chote.

"Kidonge cheupe," akasema alipopata pumzi. "Kidogo, kina mstari katikati. Asubuhi na jioni. Miezi minane mnaniambia ni vumbi. Na mimi nikakubali, mjinga mkubwa, mimi ambaye nimewasomea kila karatasi iliyoingia mji huu. Hii hakuna aliyenipa nisome."

Halafu Nereida akasema, kwa sauti ya mtu aliye jikoni kwake, "Changu nacho kina mstari katikati."

"Changu pia," akasema mwingine.

"Wewe Nereida hukohoi."

"Sikohoi. Dada yangu, yule wa kuchambua majani, ndiye anayekohoa. Tunagawana vidonge vya kopo moja."

Mtu akakohoa mstari wa nyuma. Mwingine karibu na dirisha. Ni sauti walizozisikia kila siku bila kuzisikia, na sasa kila moja ilipotoka vichwa viligeuka kuitafuta.

Eleuterio alikuwa ameacha kusokota. Watu walimwona, kwa sababu hakuwahi kuacha, hata siku kimbunga kilipong'oa paa la bohari. Kila msokotaji hupewa sigara kadhaa kwa siku za kuvuta mwenyewe. Za Eleuterio alikuwa akizichukua mkwewe, mtu aliyezivuta huku akitafuna mkate. Alikuwa ameziacha mwenyewe, kwa ajili ya kifua.

"Rudia hapo," alisema.

Migdalia akarudia.

"Rudia tena."

Akarudia.

"Miaka miwili," alisema Eleuterio, si kwa Migdalia wala kwa mtu yeyote. "Mke wangu alihamia chumba cha watoto kwa sababu ya hicho kikohozi. Nimeandika wosia mimi. Nimeshasema nani achukue meza yangu." Akanyanyua chaveta. Ukumbi mzima ulikitazama kisu kile, ukisubiri kianguke. Akakitia mfukoni mwa aproni na kuelekea mlangoni.

"Unakwenda wapi saa za kazi?" msimamizi akauliza.

"Kuuliza."

"Mzee Eleuterio," Migdalia aliita, na spika zikalipeleka jina lake mpaka uani. "Usiviache kabla hajakupa vingine. Mama yangu alibaki na neno moja. Nimekasirika kama wewe, lakini usiviache."

Hakugeuka, ila aliinua mkono. Watu kumi na mmoja wakamfuata wakiwa na aproni zao. Daktari Yanelis, walisimulia baadaye, alikuwa ameshatoa kadi zao kwenye droo na kuzipanga juu ya meza, na aliwaita mmoja mmoja na kuwaomba radhi mmoja mmoja, na Eleuterio alimfokea mpaka akamaliza, kisha akamuuliza kama sasa anaweza kuvuta.

"Hapana," alisema daktari. "Kwa presha ile, hapana kabisa."

"Basi nimefokea nini muda wote huu?"

Kura ilipigwa saa saba, waliporudi. Themanini na tisa walitaka Migdalia abaki. Mmoja alikuwa mgonjwa nyumbani. Mmoja alikataa.

"Ni wewe," Migdalia alimwambia Eleuterio jukwaani, mtangazaji wa redio akiwa ameshaondoka na chupa yake.

"Ni mimi."

"Hata baada ya haya yote?"

"Bado unakohoa," alisema Eleuterio. "Niliahidi kura dhidi ya kikohozi, nimeipiga. Kikiisha tutazungumza."

Kilichukua wiki tano. Katika wiki hizo miguu ya Migdalia ilivimba mpaka viatu vikamkataa. Alikwenda kliniki kama alivyoambiwa, akapunguziwa dozi, uvimbe ukapungua lakini haukuisha. Akawa anasoma akiwa na kandambili, miguu juu ya kreti la tumbaku lililofunikwa gunia, na kila alipoinama kuikanda alikasirika upya, hasira ile ile, haijapoa hata kidogo. Watu walianza kumletea karatasi nyingine kutoka kwenye maboksi ya ndugu zao walioko ng'ambo, za sukari, za moyo, za usingizi, naye alizisoma zote kabla ya riwaya, hakuruka mstari.

Kwa hiyo ilikuwa mwezi Desemba mjane alipotoa mkono ndani ya sanduku. Migdalia alisoma ukurasa mzima kwa pumzi safi mpaka sentensi ya mwisho: barua saba, zote za mama mkwe.

Akasubiri.

"Wiki zote hizo," ikasema sauti kutoka mstari wa tatu, karibu na nguzo, "kumbe barua tu."

Kisha chaveta ikagonga meza, mara moja, kwa shingo upande.