Miwa Iliyovuka Mpaka

Wakulima wa miwa wa upande wa Butali waliposikia kwamba maofisa wanakuja Kakamega mjini kuuliza wananchi kama Kenya iingie kwenye shirikisho la Afrika Mashariki, lenye serikali moja juu ya serikali zote, hawakuhangaika kutafuta msemaji. Walimtaja Titus Lusweti kabla hata kikao hakijafunguliwa kwa maombi. Titus alikuwa na sauti iliyofika nyuma ya kanisa bila kipaza sauti, na tena alikuwa amelima miwa tangu ujana, akaona mema yake na mabaya yake.

"Waambie hatutaki," Lazarus, mwenyekiti wao, alimwagiza. "Sukari ya Uganda inaingianga hapa kama mafuriko, na mpaka bado uko. Je, mpaka ukiondolewa?"

Titus aliafiki. Hakuhitaji kufundishwa cha kusema.

Mtihani ulikuwa nyumbani. Mkewe, Gentrix, aliuza matoke katika soko la Kakamega, na matoke hayo yalitoka Uganda kwa lori kila wiki. Ndiyo yaliyomsomesha binti yao Cindy hadi akawa muuguzi, miaka ile miwa ilipokuwa ikikaa shambani hadi inazeeka bila mtu wa kuivuna. Titus alilijua hilo, ila hakupenda litajwe mbele ya wageni.

"Baba Cindy," Gentrix alimwambia jioni hiyo akimtengea obusuma na mboga, "nasikia umepewa mdomo wa wakulima."

"Nimepewa."

"Na sisi wa ndizi tutasemewa na nani?"

"Wewe si mke wangu? Nikisema, nimekusemea."

"Ukisema mpaka ukazwe hujanisemea. Umenifungia biashara."

"Sijasema ukazwe. Nimesema tusijitie katika serikali ya watu wengi, halafu mambo yetu yaamuliwe na mtu ambaye ameketi huko Arusha."

"Na saa hii yanaamuliwa na mtu ambaye ameketi wapi? Shinyalu?"

Titus alitaka kucheka, akajizuia, maana angecheka angekuwa ameshindwa. Alimega ugali akala. Walikuwa wameoana muda mrefu, na kila mmoja alijua mahali pa kuliachia neno kabla halijageuka ugomvi.

Wiki hiyohiyo moto ukaja. Sellah, mjane aliyepakana nao, alikuwa akichoma magugu kando ya shamba lake, upepo ukageuka ghafla, na kabla hajaita mtu miwa ya Titus ilikuwa inalia kama bunduki. Watu walikuja mbio na matawi mabichi. Walipiga, wakarudi nyuma, wakapiga tena. Njia ya ng'ombe iliyokata shamba katikati ndiyo iliyookoa nusu moja. Nusu nyingine ilibaki imesimama nyeusi, majani yote yameteketea, mashina yakitoa harufu tamu ya sukari iliyoungua.

Sellah aliketi chini akajishika kichwa. Titus alimwinua. Hakuwa na nguvu za kumkasirikia. Mawazo yake yalikuwa yamekwishafika mbali. Kila mkulima anajua kwamba miwa iliyoungua haingoji. Isipokatwa na kusagwa katika siku chache, maji yake yanachacha, na hakuna kiwanda kitakachoigusa.

Alipiga simu kiwandani alikokuwa akipeleka miwa yake. Walikuwa wamezima mitambo kwa matengenezo. Alipiga kiwanda cha pili, akaambiwa wanapokea ya wakulima wao tu. Cha tatu hakikushika simu. Titus aliiweka simu juu ya meza na kuiangalia kama kitu kilichomtukana.

"Malori ya Alice yanarudi Uganda matupu," Gentrix alisema.

Alice ndiye aliyemletea ndizi, mama mfanyabiashara wa Busia aliyekuwa na jamaa kila upande wa mpaka.

"Yanarudi matupu, kwa hivyo?"

"Kuna kiwanda ng'ambo kinanunua miwa. Alice anakijua. Ukate leo, upakie kesho."

"Mimi? Nipeleke miwa Uganda?"

"Kwani miwa yako itaulizwa kitambulisho?" Kisha, alipoona uso wake, akashusha sauti. "Baba Cindy, ama uiache ioze. Uamuzi ni wako."

Aliamua. Wakataji waliingia shambani alasiri hiyo, na walipotoka walikuwa weusi kwa masizi kuanzia nyusi hadi vidole vya miguu. Asubuhi malori mawili yalijazwa. Titus alipanda la mbele, karibu na dereva aliyeitwa Philemon, mtu mpole aliyeendesha huku akitafuna kipande cha miwa alichochomoa kwenye mzigo.

Pale Busia ilikuwa kazi. Gentrix alikuwa amewapigia watu wa afya ya mimea mapema, kwa sababu alijua taratibu zao kama anavyojua bei ya mkungu, na kibali kilipatikana. Hata hivyo walikaa foleni jua likiwapiga. Titus alishuka mara kwa mara kwenda kuinusa miwa yake. Bado haikuwa imechacha. Malori ya sukari yaliyofunikwa maturubai yalikuwa yakivuka kuingia Kenya upande wa pili wa barabara, moja baada ya jingine, wala hakuna aliyeyanusa.

Walivuka. Wakaenda mwendo mzuri hadi karibu na kiwanda, na hapo wakakuta magogo barabarani. Nyuma ya magogo walisimama wanaume na wanawake wenye mapanga ya kukatia miwa, wakiimba. Philemon alizima injini.

Mzee mmoja mrefu mwenye kofia ya kanisa aliwakaribia. "Mulembe," alisema, maana alikuwa ameona nambari ya gari na uso wa Titus, akakisia kwamba ni Mluhya mwenzake.

"Mulembe muno," Titus alijibu, akashuka.

Jina lake lilikuwa Wanzala, Msamia wa upande wa Uganda, na alikuwa msemaji wa wakulima wa pale. Alieleza bila matusi. Kiwanda kilikuwa kimewaahidi kununua miwa yao msimu huu. Sasa malori yanatoka Kenya, wenye kiwanda wanapata miwa ya haraka, na wakulima wa nyumbani wanaambiwa wangoje.

"Ninyi mnatuletea miwa kama mafuriko," Wanzala alisema. "Na mpaka bado uko! Sasa wakubwa wanasema wauondoe kabisa. Tutakula nini?"

Maneno hayo Titus alikuwa ameyapanga kichwani kwa wiki nzima, na sasa aliyasikia yakimtoka mtu mwingine, mwenye mikono yenye makovu yaleyale ya majani ya miwa.

"Mzee," alisema, "Ijumaa hii nimetumwa kusimama Kakamega niseme hivyohivyo. Ila kule mwizi ni wewe."

Wanzala alijigusa kifuani. "Mimi?"

"Sukari yenu inashusha bei ya miwa yetu."

"Sukari gani yangu? Mimi nimeuza sukari lini? Mimi nalima miwa tu. Sukari hata mimi nainunua dukani."

Wenzake waliacha kuimba ili wasikie. Titus alimwongoza Wanzala hadi nyuma ya lori, akamwonyesha mashina meusi, akamweleza kuhusu moto na kiwanda kilichozimwa. Wanzala alivunja kipande, akakimenya kwa meno, akanyonya, akatema.

"Hii imebakiza siku moja," alisema.

"Najua."

Wanzala alirudi kwa watu wake wakabishana kwa muda mrefu. Mwanamke mmoja alisema akifunguliwa huyu, kesho watakuja wengine na hadithi za moto. Mwingine akasema moto ni moto. Mwishowe Wanzala alileta uamuzi: lori moja lipite, kwa ajili ya msiba wa mkulima mwenzao. La pili lirudi lilikotoka. Titus alimsihi, lakini mzee alitikisa kichwa.

"Nikilipitisha la pili, hawa hawataniita tena msemaji. Wewe unajua."

Titus alijua. Lori la kwanza liliuzwa. La pili lilirudi Kenya, akaliuza kwa bei ya kutupa kwa watu wanaopika sukari guru karibu na Malava. Kabla hawajaachana, yeye na Wanzala walipeana nambari za simu.

Ijumaa ukumbi wa Kakamega ulijaa. Walimu, wafanyabiashara, wanafunzi, watu wa bodaboda, na wakulima wa miwa safu tatu za mbele, Lazarus katikati yao. Ofisa aliyeongoza, mama aliyeitwa Chepkemoi, alikuwa mvumilivu na alimpa kila mtu nafasi yake. Kijana mmoja wa chuo alisema shirikisho litaleta ajira. Mzee wa Lumakanda alisema hata kaunti moja imetushinda kugawana, sembuse nchi nyingi. Watu wakacheka na kupiga makofi.

Gentrix alisimama kabla ya mumewe. Alisema yeye anataka shirikisho, na anataka kesho. Alieleza vile ndizi zinavyoiva kwenye foleni, vile askari wa huku anavyotaka chake na wa kule chake. "Nyumbani kwangu kuna mtu hakubaliani nami," alimalizia, "na ugali wake bado napika." Ukumbi uliangua kicheko. Titus alitazama viatu vyake.

Zamu yake ilipofika, aliongea kwa sauti ya chini kuliko walivyomzoea. Aliwasimulia kuhusu moto, malori na magogo.

"Nilitumwa hapa niseme hatutaki," alisema. "Lakini nimekutana na mtu ninayemkataa, na yeye ananikataa mimi, na sote ni maskini wa jambo moja. Sukari inavuka na karatasi zake safi. Wenye viwanda wanajuana. Sisi wakulima tulikutana barabarani, katikati yetu magogo. Swali langu ni hili: katika hilo shirikisho, kuna mahali mimi na Wanzala tutaketi upande mmoja wa meza? Kama papo, mimi naingia. Kama hapapo, basi mnatuunganishia mafuriko tu."

"Kwa hivyo niandike unakubali ama unakataa?" Chepkemoi aliuliza kwa upole.

"Andika nimeuliza."

"Hatukukutuma kuuliza!" Lazarus alifoka kutoka safu ya mbele, na wengine wakamuunga mkono. Chepkemoi alitwanga meza kuwatuliza. Alisema swali limeandikwa, ila jibu hana, maana hiyo katiba ya shirikisho bado inatungwa. Hakumdanganya, na Titus alimheshimu kwa hilo.

Katika mkutano uliofuata wakulima walimwondoa usemaji, wakamweka Lazarus mwenyewe. Titus hakubisha. Ilimuuma kwa wiki kadhaa. Hata kanisani alihisi macho mgongoni. Baadaye wawili watatu walianza kumjia faraghani, kumuuliza yule mzee wa Uganda analipwaje, anapalilia vipi, mbegu gani. Alikuwa anampigia Wanzala na kuwapa simu wazungumze wenyewe.

Disemba Wanzala alikuja Butali na mkewe, kwa lori la Alice. Gentrix alichinja ingokho, kuku wa kuheshimu wageni. Baada ya kula Titus alianza kumweleza mgeni wake kwamba pengine shirikisho si jambo baya, mradi wakulima waingie wakiwa kitu kimoja.

"Wewe umerogwa," Wanzala alisema. "Ninyi Wakenya mtatumeza wazima wazima. Mimi sitaki kabisa."

"Lakini mzee, si tulikubaliana..."

"Tulikubaliana nini? Nilikupitishia lori moja tu!"

Walibishana hadi chai ikapoa, sauti zao zikisikika barabarani. Wake zao walibeba vyombo wakaenda jikoni, na huko mke wa Wanzala akaanza kumuuliza Gentrix kama soko la Kakamega linaweza kuchukua mananasi.