Prizi za Nyuma

Wanasema Mungu alimwita mama yangu. Aka! Mungu hakuita mtu siku ile. Mama alicheleweshwa, na waliomchelewesha ni majirani zangu, pasta wangu na ndugu yangu wa tumbo moja, kwa gari lile lile lililokuja kumwokoa. Kesho yake walikuja kunipa pole, na simu zao zimejaa chaji.

Ndugu yangu ni Mihigo, fundi wa umeme wa magari kule Biharwe, karibu na mji wa Mbarara, kwenye gereji ya Jamiru. Wiki ile alikuwa na Landikruza ya kupeleka wageni kuona wanyama, anaiwekea prizi za nyuma. Mbarara wanaziita soketi. Mgeni akikaa kiti cha nyuma achaji simu na kamera yake, na friji ya soda iendelee kufanya kazi hata gari likilala porini. Gari la namna hiyo linapewa betri mbili: moja ya kuwasha gari, nyingine ya prizi tu, ili hii ikikauka ile ibaki nzima. Betri ya pili ilikuwa bado haijafika kutoka Kampala. Mihigo akaunga prizi zake kwenye ile ya kuwashia gari, apate kuzijaribu.

Mimi niko Nakivale, kambini kwa wakimbizi, na Mama. Asubuhi ile tumbo lilikuwa limemvimba, gumu, anatapika kitu cha kijani. Muganga wa dispanseri alimgusa, akanivuta pembeni.

"Utumbo umejisokota. Apasuliwe leo, Mbarara. Jua lisizame akiwa hapa."

Ambulensi ilikuwa imeshaondoka na mwanamke mwenye uchungu wa kuzaa. Nikampigia Mihigo nikilia.

Jamiru, Mungu ambariki Mwislamu yule, hakusita hata kidogo. Mihigo alikuja kuniambia maneno yake baadaye, wakati hayakuwa na faida tena: "Bambi, chukua hii Landikruza, kwenda leta mama. Mwenye gari mimi nitaongea na yeye. Lakini sikia, ssebo. Hizo soketi, injini ikizima, hakuna mtu kugusa. Betri ni moja." Ningeyasikia mimi kwa masikio yangu, ningelilinda gari lile kwa fimbo.

Alifika mchana. Mtu ambaye mama yake anakufa anateremka mbio, si ndiyo? Mihigo alimpakia Mama vizuri, hilo siwezi kumnyima. Tulimlaza kwenye kiti kirefu cha nyuma, kichwa kwenye mto. Lakini kufungua mlango wa nyuma, prizi zikaonekana, kila moja na kitaa chake cha buluu. Fasi yetu umeme haujafika. Simu tunapeleka kwenye kibanda cha sola, unaiacha nusu siku, unairudia na nusu chaji. Majirani waliziona taa zile, mashavu yakawajaa kicheko.

"Mihigo, mutoto wetu! Unichajie kidogo tu."

Kwetu jirani hanyimwi moto. Akija na kigae kuomba kaa la moto, unampa, hata kama wewe mwenyewe umebakiwa na majivu. Tumetoka nayo Mulenge, kule Kongo, desturi nzuri kabisa, na siku ile iliniudhi mpaka meno yaliuma. Mihigo alitabasamu mpaka masikioni.

"Leteni," akasema.

Nilikuwa sijamaliza kumfokea, Pasta Sebagabo akatokea na korali. Hapa pia kuna desturi: mtu haendi kwenye kisu cha muganga bila kuombewa na kanisa. Sawa, maombi sikatai, na Mama mwenyewe alikuwa mtu wa maombi. Lakini jenereta la korali lilikuwa limekufa tangu Pasaka, na ampli yao inakaa chini ya kitanda cha shemasi Musoni inakula vumbi. Musoni aliziona prizi. Macho yakamtoka.

"Hizi zinaweza beba ampli?"

"Zinabeba hata korali mbili," akajibu ndugu yangu. Ee Mungu, sifa! Akachomeka kisanduku cha kugeuza umeme wa betri uwe wa nyumbani, ampli ikakohoa, ikaamka. Spika wakaiweka mlangoni, karibu na kichwa cha mama yangu.

Pasta akapunga mkono. "Zima motere, kijana. Moshi inaingia waimbaji mu kifua."

Mihigo akazima. Alijua, na akazima.

Wakaanza wimbo. Mama alinivuta kitenge. Midomo yake ilikuwa mikavu, nikainama.

"Ubaambie bazime hiyo kitu," akasema. "Twende."

Nikaenda kwa Pasta. "Pasta, Mama anasema muzime, twende."

"Dada Umwiza, wimbo moja tu."

Nani hapa hajui wimbo mmoja wa korali yetu? Unazaa wajukuu. Baada ya wimbo kukawa na ushuhuda, na baada ya ushuhuda mama mmoja akaona maono, na maono yakahitaji wimbo wake. Nikamkimbilia Mihigo, nikamshika kola.

"Washa gari, wewe!"

"Yaya, dada yangu, nitamwambia Pasta nini? Nikate maombi ya mama yangu mwenyewe?"

"Mwambie mama yako anakufa!"

Hakumwambia. Mwanamume mzima, mbele ya kanisa, alishindwa kusema maneno matatu. Mama aliita jina langu tena, kisha akaacha kuita.

Katikati ya baraka ya mwisho sauti ya Pasta ilianza kufifia kwenye spika, ikawa nyembamba, ikakatika. Wengine wakasema Amina. Vile vitaa vya buluu vilikuwa vimezimika. Mihigo aliona, akakimbilia usukani, akazungusha ufunguo. Gari lilisema tik. Akazungusha tena. Tik.

Wanaume wakajipanga nyuma kusukuma, waimbaji na suti zao, na hilo siwezi kuwanyima. Lakini Mihigo alikuwa ameshaketi chini, kwenye vumbi.

"Gia zake ni automatiki," akasema. "Hata muisukume mpaka Endiinzi haiwaki." Hapo ndipo aliponieleza maneno ya Jamiru. Nilimpiga kofi, na ningempiga la pili kama Mama asingekuwa anatutazama.

Betri ya kibanda cha sola ililetwa mbio. Ilikuwa dhaifu, haikuweza. Tukangoja. Simu zao zilikuwa bado zinaning'inia kwenye nyaya pale nyuma, na mtu mmoja, simtaji jina, alikuja kuchomoa ya kwake akaangalia kama imejaa. Mwishoni lilipita lori la mahindi, dereva akatoa nyaya zake, wakaunganisha betri kwa betri, gari likanguruma. Jua lilikuwa limegusa vilima.

Mama alikufa kabla hatujafika kwenye lami. Kichwa chake kilikuwa mapajani mwangu. Mihigo aliniona kwenye kioo, akajua, na aliendelea kuendesha kwa kasi ile ile kwa muda, kama vile bado kuna mtu wa kumwahisha. Kisha akasimamisha gari.

Siku ya mazishi Jamiru alikuja na mkewe Nusrat kutoka Mbarara, kwa Landikruza ile ile. Betri ya pili ilikuwa imefika, imefungwa. Alishuka akanishika mikono. Nilipogeuka nikamwona Musoni ameshafungua mlango wa nyuma, waya wa ampli mkononi. Akachomeka. Spika ikakohoa.

Mihigo alikuwa amesimama hatua chache kutoka pale. Alitazama chini.

Pasta alinijia polepole, Biblia kifuani. "Dada Umwiza, tumsindikize Mama. Wimbo moja tu."

Nilimpita. Nilienda mpaka nyuma ya gari, nikashika ule waya, nikauchomoa kwa nguvu zangu zote, na kitaa cha buluu kikabaki kinawaka peke yake.

"Mama alisema muzime," nikawaambia.

Tukamzika kwa sauti ya majembe.